Bastola Iliyokwama Silinda: Usiirekebishe, Itolee Taarifa



Liko swali ambalo watu huliuliza kwa sauti ya chini, nalo ni hili: mtu akikuta bastola kuukuu ambayo silinda yake haizunguki, je, si chuma chakavu tu? Na ikiwa ni chakavu, kuna ubaya gani fundi wa baiskeli au wa kuchomelea akiifungua? Makala hii inajibu maswali hayo mawili, na la tatu ambalo wengi hawathubutu kuliuliza: nikitoa taarifa, nitatendewaje?

Silaha hizi zimetoka wapi

Ardhi yetu imepitiwa na vita. Mwezi wa Septemba 1972, Waganda waliokuwa uhamishoni Tanzania walivuka mpaka na kuishambulia Mbarara. Mwezi wa Februari 1979, majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda waliuteka mji huo. Kabla ya hapo, katika enzi ya ukoloni, maofisa wa Uingereza walibeba bastola za silinda za aina ya Webley na Enfield. Nakivale nayo imepokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, wengi wao wakikimbia nchi zenye vita. Si ajabu, basi, jembe kugonga chuma shambani, au wajukuu kukuta kitu kizito kilichofungwa kwa kitambaa ndani ya sanduku la marehemu.

Kwa nini silinda hukwama

Silinda ni kile kipande cha mviringo chenye matundu, kwa kawaida matano au sita, ambamo risasi hukaa. Kila nyundo ya bastola inapovutwa nyuma, silinda huzunguka hatua moja na kuleta tundu jipya mbele ya mtutu.

Sababu za kukwama ni nyingi. Kutu hushikanisha silinda na mhimili wake. Mafuta ya zamani huganda yakawa kama gundi. Udongo huingia chini ya kile kinyota kinachosukuma maganda nje. Fimbo ya kinyota hicho hupinda bastola ikianguka. Lakini sababu nyingine hutokana na risasi zenyewe: fataki iliyo kitakoni mwa risasi huweza kutokeza nyuma na kukwaruza fremu, kichwa cha risasi huweza kuchomoka kidogo na kuzuia silinda kupita, au risasi iliyopigwa kwa nguvu hafifu huishia nusu ndani ya mtutu na nusu ndani ya silinda.

Zingatieni jambo hilo: kizuizi chenyewe chaweza kuwa risasi hai. Na silinda isipofunguka, hakuna njia nyepesi ya kujua kilichomo.

Kukwama si kufa

Hapa ndipo wengi hudanganyika. Silinda isiyozunguka haimaanishi kwamba bastola haiwezi kupiga. Tundu lililo mbele ya mtutu likiwa na risasi, pigo moja la nyundo latosha kuifyatua.

Tazameni sasa yale ambayo mtu asiye na ujuzi huyafanya. Huvuta nyundo kwa nguvu ili silinda izunguke. Kizuizi kikiachia ghafla, nyundo huponyoka kidoleni na kugonga fataki. Hugonga silinda kwa rungu au jiwe, naye huwa ameuelekeza mtutu kwenye paja lake au kwa mtoto anayemtazama. Huweka bastola motoni ili kutu ilegee. Joto huwasha baruti bila nyundo kuguswa. Humimina mafuta ya taa akiamini kwamba risasi zimelowa na hazina madhara. Mafuta hayatoi hakikisho hilo. Zaidi ya hayo, katika mwanya kati ya silinda na mtutu hutoka gesi kali kila bastola inapopiga, na mkono ulioishika silinda huumia hata kama mtutu umeelekezwa pembeni.

Fundi wa silaha aliyefunzwa huanza kwa kuuelekeza mtutu mahali salama, kisha huihesabu silaha hiyo kuwa ina risasi hadi itakapothibitika vinginevyo. Ana vifaa, ana nafasi, wala hana haraka. Sebule, jiko na karakana ya baiskeli havina hata kimoja kati ya hivyo.

Sheria yasemaje

Sheria ya Silaha ya Uganda ya mwaka 1970 inamkataza mtu yeyote kuwa na bunduki, bastola au risasi bila kibali. Anayefanya biashara ya kuuza au kurekebisha silaha naye anahitaji leseni. Ubovu wa silaha si ruhusa ya kuiweka nyumbani. Aidha, makazi ya wakimbizi ni mahali pa raia. Silaha moja iliyofichwa humo huhatarisha usalama na heshima ya watu wote waishio hapo.

Hatua za kufuata

1. Usiiguse. Ikiwa tayari umeishika, iweke chini polepole, mtutu ukielekea mahali pasipo na mtu.
2. Waondoe watoto na majirani, na uweke alama inayoonekana kutoka mbali.
3. Usichimbe zaidi. Palipo na bastola ya vita huenda pakawa na bomu la mkono.
4. Piga simu 999 au 112, ambazo ni za bure, au mtume mtu kituo cha polisi kilicho karibu. Waweza pia kupitia mwenyekiti wa LC 1, kamati ya ustawi wa wakimbizi au ofisi ya kamanda wa makazi.
5. Usiibebe kwenda kituoni, wala kwa bodaboda wala ndani ya mfuko. Polisi wataifuata ilipo.

Kuhusu hofu

Tunajua kwamba mgeni nchini huogopa kuwa wa kwanza kushukiwa. Tuseme kweli: polisi watauliza maswali. Watataka kujua ilipopatikana, lini, na nani ameigusa. Jibuni kama ilivyo. Mtu aliyetoa taarifa siku ile ile ana maelezo mepesi. Aliyeificha miezi mitatu, kisha ikamjeruhi mtoto wa jirani, ana maelezo mazito. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Namba ya silaha ikisomeka huandikwa na kufuatiliwa. Chini ya Itifaki ya Nairobi ya tarehe 21 Aprili 2004, Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi, Kongo na nchi nyingine za ukanda huu zilikubaliana kuweka alama na kumbukumbu za silaha, na kushughulikia zile haramu ili zisirudi mitaani. Bastola iliyotolewa taarifa Nakivale haitavuka mpaka tena mkononi mwa mwizi wa ng'ombe.

Mwenye nayo leo asingoje kesho. Atoe taarifa kabla mtoto hajaiona.