Ufundi wa Wahunzi na Mapambo ya Kisasa

Katika nchi ya Uasin Gishu, kabla mji wa Eldoret haujajengwa, mhunzi alikuwa mtu wa kuogopwa na wa kutafutwa pia. Watu waliogopa laana yake. Lakini bila yeye hapakuwa na mkuki, wala kengele ya ng'ombe, wala bangili za wanawake.

Bwana A. C. Hollis, aliyechapisha kitabu juu ya Wanandi mwaka 1909, alieleza kwamba wahunzi wao walitokana na Wamasai wa Uasin Gishu. Wamasai hao walishindwa vitani katika karne ya 19 wakatawanyika, na baadhi yao wakapata hifadhi kwa Wanandi. Walifika maskini, wamepoteza ng'ombe na malisho. Ufundi wao ndio uliowapatia mahali pa kukaa.

Vyombo vyao vilikuwa vichache: mivukuto ya ngozi, makaa, koleo, nyundo na fuawe. Zamani chuma kiliyeyushwa kutoka katika udongo. Wafanya biashara wa pwani walipoleta waya wa chuma na wa shaba, wahunzi wa Afrika ya Mashariki hawakuukataa. Waliuzungusha ukawa bangili za mikono na miguu. Wakamba waliuvuta hata ukawa mwembamba sana, wakatengeneza mikufu iliyosifiwa mbali. Baadaye yalikuja magari, na springi zilizovunjika zikafuliwa kuwa visu.

Huko Marekani watu wa kabila la Navajo walifanya vivyo hivyo. Katika karne ya 19 walijifunza ufuaji wa fedha kwa Wamexico, wakageuza sarafu kuwa bangili na vifungo. Katika karne ya 20 fundi wao mmoja, Kenneth Begay, alibuni mapambo ya namna mpya bila kuacha asili ya kwao, kisha akawafundisha vijana.

Siku hizi mafundi wa Nairobi huyeyusha mifereji na kufuli kuukuu za shaba, wakazifanya vipuli na pete. Basi kijana wa Eldoret anayependa kazi hii asidhani kwamba kufuata wazee ni kufua umbo lile lile daima. Wazee wenyewe walibadili chuma chao kila kilipokuja kingine. Walichokihifadhi ni ujuzi wa kutambua rangi ya moto na uzito wa nyundo, na ujuzi huo haupatikani ila kwa kukaa karibu na mhunzi akiwa kazini.