Je, Wajua? Haibiskasi ya Hawaii Ina Damu ya Pwani Yetu

Je, wajua kwamba haibiskasi, lile ua jekundu la kwenye mashati ya watalii, ni ndugu wa bamia? Usibishe kabla hujaenda shambani. Litazame ua la bamia asubuhi: petali tano, na katikati kijiti kimoja kilichojaa chavua ubavuni na vichwa vitano vidogo nchani. Ndivyo lilivyo la haibiskasi pia. Pamba, rosela na hata mbuyu wamo katika ukoo huo.

Je, wajua kwamba jina lake la kitaalamu linapotosha? Mwaka 1753 mwanabotania Carl Linnaeus aliliita rosa-sinensis, yaani waridi la China. Waridi silo, na hakuna aliyewahi kuukuta mti huu ukijiotea porini, iwe China au kwingineko. Umelelewa na mikono ya watu tangu zama ambazo hakuna aliyekuwa akiandika habari za bustani. Mnamo 1731 Philip Miller, msimamizi wa bustani ya mimea ya dawa ya Chelsea, London, alikuwa nao tayari. Ua lililojulikana Ulaya wakati huo lilikuwa lenye petali nyingi zilizorundikana, si hili la petali tano tulilozoea.

Sasa tufike kwetu. Misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania ina haibiskasi yake yenyewe, na kwa macho yangu hakuna inayoishinda kwa madaha. Ua lake huning'inia kichwa chini kwenye kikonyo kirefu chembamba, mfano wa kipuli sikioni. Petali zimechanika nyuzinyuzi na kujikunja juu, na kijiti cha chavua kimeshuka chini kabisa. Katika miaka ya 1870 John Kirk, daktari aliyekuwa balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar, aliupeleka mmea huu Uingereza. Wengi humjua Kirk kwa mkataba wa 1873 na Sultani Barghash uliofunga soko la watumwa. Wachache wanajua kwamba alikuwa mwanabotania hodari. Mwaka 1880 ua likapewa jina la schizopetalus, maana yake "petali zilizopasuka".

Walimaji wa bustani wakalishangilia, kisha wakaanza kuozesha. Ua letu la pwani likachavushwa na lile jekundu la Asia, na huko Antigua, kisiwa cha Karibi, wakapatikana machotara. Hawaii walikwenda mbali zaidi: wakayachanganya yote mawili na haibiskasi za kienyeji za visiwa vyao, ambazo baadhi yake zina harufu nzuri, jambo adimu katika jamii hii. Maua makubwa ya rangi za machungwa, manjano na zambarau yanayouzwa leo ni vitukuu vya ndoa za namna hiyo. Kazi yenyewe haikuanzia huko. Mwanabotania Charles Telfair alikuwa amekwisha kuchanganya ua la Asia na haibiskasi ya visiwa vya Mascarene akiwa Mauritius, kabla ya kifo chake mwaka 1833.

Je, wajua kwamba Malaysia ilitangaza haibiskasi nyekundu kuwa ua la taifa mwaka 1960? Wao huliita bunga raya. Hawaii nao, mwaka 1988, walichagua ile ya manjano ya asili yao, hivyo lile jekundu la kwenye postikadi silo ua rasmi la jimbo lao.

Huko Jamaika na India petali za haibiskasi nyekundu zimetumika kung'arishia viatu. Zitwange, uzichemshe kidogo: maji yake hugeuka mekundu yakikutana na ndimu, na kijani yakikutana na maji ya sabuni. Mwalimu wa kemia asiye na maabara ana kifaa chake kwenye uzio wa shule.

Ukitaka kulipanda, achana na mbegu. Mbegu za tumba moja la chotara zaweza kukupa miche kumi isiyofanana, na usipate hata mmoja wenye ua ulilolipenda. Mwombe jirani tawi lenye unene wa penseli, lipunguze majani, lichomeke kwenye mchanga wenye unyevu kivulini, na usilichokonoe mpaka litoe majani mapya.