Jinsi ubalozi wa Zanzibar ulivyofika kuitawala Ukambani

SI MBALI na Matiliku, katika Kaunti ya Makueni, kuna mji wa reli uitwao Sultan Hamud. Jina hilo si la Kikamba. Ni la Hamud bin Muhammad, aliyekuwa Sultani wa Zanzibar kuanzia 1896 hadi 1902, wakati reli ya Uganda ilipokuwa ikipenya nyika za Ukambani.

Swali ambalo wengi hawajiulizi ni vipi jina la mtawala wa kisiwani lilifika bara, katika nchi ambayo masultani hawakupata kuitawala. Jibu limo katika historia ya cheo kimoja: kile cha balozi wa Uingereza katika milki ya Zanzibar. Cheo hicho kilianza na mgeni aliyeomba kupokewa, kikaishia kwa mtu aliyeamua nani aketi kwenye kiti cha enzi.

Chimbuko lake ni Maskati. Mnamo 1798 mtawala wa Oman, Sultan bin Ahmad, alitia saini mkataba na Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki, iliyotaka kuwazuia Wafaransa wasikaribie njia ya kwenda India. Miaka miwili baadaye Kampuni iliruhusiwa kumweka wakala wake Maskati.

Mwanawe, Seyyid Said, alipohamishia makao yake Unguja, wageni nao wakamfuata. Wamarekani ndio waliotangulia. Walifanya naye mkataba wa biashara mnamo 1833, na mwakilishi wao, Richard Waters, akafika Unguja 1837. Waingereza walipata mkataba wao 1839, na 1841 akawasili Kapteni Atkins Hamerton. Alikuwa na kofia mbili: wakala wa Kampuni na konseli wa Malkia Victoria. Waswahili walimwita balozi, neno lililotoka kwa Waturuki.

Wakati huo uhusiano ulikuwa wa pande mbili. Said naye alipeleka wajumbe wake. Ali bin Nasir, aliyekuwa liwali wa Mombasa, alikwenda London mara mbili kama balozi wake, 1838 na 1842. Mwaka 1840 merikebu ya Said iitwayo Sultana ilitia nanga New York ikiwa na mjumbe wake, Ahmad bin Naaman. Tofauti ni kwamba wajumbe wa Said walikwenda na kurudi, ilhali balozi wa Uingereza alikuja akakaa.

Kukaa huko ndiko kulikompa nguvu. Hamerton alimkalia Said kwa shinikizo hadi akakubali mkataba wa 1845, uliopiga marufuku kusafirisha watumwa nje ya milki yake ya Afrika kuanzia Januari 1, 1847. Biashara yenyewe haikukoma, kwa kuwa kuwavusha watumwa kutoka Kilwa hadi Unguja, au hadi Lamu, kuliendelea kuwa halali.

Mshauri awa mwamuzi

Said alifariki baharini mnamo Oktoba 1856, na Hamerton akamfuata kaburini Julai 1857. Wana wa Said wakagombea urithi: Thuwaini akishika Maskati, Majid akishika Zanzibar. Walioamua shauri lao walikuwa Waingereza. Aprili 2, 1861, Lord Canning, mwakilishi wa Malkia huko India, alitoa hukumu kwamba milki igawanywe na Zanzibar iilipe Maskati reale 40,000 kila mwaka. Tangu siku hiyo, kila sultani wa Zanzibar alijua kwamba kiti chake kina mdhamini.

Aliyelijua hilo zaidi ni John Kirk, daktari aliyefika Unguja 1866 na kupanda hadi kuwa konseli mkuu. Mapema 1873 Sultani Barghash alikataa ombi la mjumbe maalumu wa Uingereza, Sir Bartle Frere, la kukomesha usafirishaji wa watumwa kwa bahari. Kirk akaletewa amri ya kumweleza kwamba manowari zitakizingira kisiwa. Barghash alitia saini Juni 5, 1873, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Mahali pale pakajengwa kanisa kuu la Kianglikana ambalo lipo hadi leo.

Jambo hilo lina sura mbili. Maelfu ya watu waliepushwa na jahazi za utumwa, na hilo si dogo. Lakini Barghash alijifunza pia kwamba neno la balozi lilikuwa na mizinga nyuma yake, na mizinga hiyo ingeweza kutumika kwa jambo lolote.

Mnamo 1886 Uingereza na Ujerumani zilikata mpaka wa milki yake, zikamwachia visiwa na ukanda wa pwani wa maili kumi. Mwaka uliofuata Barghash aliukodisha ukanda wa kaskazini kwa kundi la mfanyabiashara William Mackinnon, ambalo 1888 lilipewa hati ya kifalme na kuitwa Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki. Miongoni mwa wakurugenzi wake alikuwamo Kirk, aliyekuwa amestaafu ubalozi. Mwaka 1889 Kampuni hiyo ilifungua kituo Machakos.

Hapo ndipo Ukambani inapoingia. Kwa miaka mingi Wakamba walikuwa wamepeleka misafara yao ya pembe za ndovu Mombasa kwa hiari yao, na wazee wao, kama Kivoi wa Kitui, walikutana na wageni wakiwa wenyeji. Mnamo 1890 Zanzibar yenyewe ikawa himaya ya Uingereza. Kampuni iliposhindwa kujiendesha, serikali ya Uingereza ilichukua nchi mnamo 1895. Kamishna wa kwanza wa himaya mpya, iliyokuja kuwa Kenya, akawa Arthur Hardinge, konseli mkuu wa Zanzibar. Ukambani ilifanywa mkoa, na ofisa aliyekaa Machakos, John Ainsworth, aliwajibika kwa mtu mwenye ofisi ng'ambo ya bahari. Hakuna mzee wa Kikamba aliyetia saini mkataba wowote kati ya hiyo iliyotungwa Zanzibar.

Vita vya chini ya saa moja

Agosti 25, 1896, Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki, na Khalid bin Barghash akaingia kasri bila idhini ya balozi. Basil Cave, aliyekaimu nafasi ya Hardinge, alimtaka aondoke. Asubuhi ya Agosti 27 manowari zikafyatua mizinga. Kwa muda usiofika saa moja, watu wapatao 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Khalid akakimbilia ubalozi wa Ujerumani, na siku hiyo hiyo Waingereza wakamtawaza Hamud bin Muhammad, ndiye huyo ambaye jina lake limebaki Makueni.

Cheo cha konseli mkuu kilifutwa rasmi, nafasi yake ikachukuliwa mwaka 1914 na Mkazi wa Uingereza chini ya Wizara ya Makoloni. Zanzibar ilipata uhuru Desemba 10, 1963, na Uingereza ikaleta tena balozi wa kawaida, Timothy Crosthwait. Mapinduzi ya Januari 12, 1964 yalimwondoa sultani, na mwezi uliofuata Crosthwait akafukuzwa.

Mikataba ya Zanzibar imebaki kuwa karatasi za historia. Athari zake zimebaki ardhini: mpaka wa Kenya na Tanzania, reli, na jina la sultani katika nchi ya Wakamba.