Java, Ngeli na Neno "Homa"

Sisi ni wanachama tunaotoka Louisville, Columbus na Buffalo. Nyumbani tunaongea Kiswahili, chuoni tunasoma kompyuta. Muhula huu, kila Jumamosi, tumejifunza pamoja kwa njia ya video kuandika programu kubwa za mashirika kwa Java, lugha iliyotolewa na Sun Microsystems mwaka 1995.

Programu za namna hii hutumiwa na watu wengi kwa wakati mmoja, na kosa dogo linaweza kumkosesha mtu mshahara au dawa. Kwa hiyo kazi hugawanywa katika tabaka: moja hupokea maombi ya mtumiaji, ya pili hushika kanuni za kazi, ya tatu hutunza data. Java yenyewe ni kali. Kila kitu hutajwa ni cha aina gani, na visipopatana hukataliwa kabla programu haijaanza. Mwalimu wetu naye hapokei "kiti imevunjika".

Mfano tuliousoma ni OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa iliyoandikwa kwa Java. Ilianza mwaka 2004 kwa ushirikiano wa Taasisi ya Regenstrief ya Indianapolis, mwendo wa kama saa mbili kwa gari kutoka Louisville, na shirika la Partners In Health. Mwaka 2006 ikaanza kutumika Eldoret, Kenya, kuwahudumia wagonjwa wa UKIMWI.

Kilichotugusa zaidi ni kamusi yake. Kila dhana ya tiba ina namba yake, na majina ya lugha mbalimbali hufungwa kwenye namba hiyo. Ukiongeza jina la Kiswahili, huhitaji kugusa hata mstari mmoja wa Java.

Lakini jina lenyewe lataka mjuzi. Mgonjwa akisema "homa", huenda ana maana ya joto la mwili, mafua au malaria. Sisi tuliozoea kuwatafsiria wazazi kliniki tunajua kwamba lazima umuulize tena. Jina likifungwa kwenye namba isiyo yake, daktari atasoma ugonjwa mwingine.

Muhula ujao tutaanza na maneno 50 ya kliniki. Asiyejua Java asiogope; tunahitaji masikio yake. Walimu wetu, tunawaomba mtukagulie orodha.