Kabla giaboksi haijashushwa: gari kuukuu la otomatiki katika njia ya Kilwa na Lindi

Kabla ya mwaka 2003, aliyetaka kwenda Kilwa au Lindi kwa njia ya nchi kavu alivuka mto Rufiji kwa pantoni pale Ndundu, na vyombo vilivyotegemewa ni malori na Land Rover. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka ule, na baadaye kile kipande cha kilomita 60 baina ya Ndundu na Somanga kikatiwa lami baada ya kukawia miaka mingi, ndipo magari madogo ya familia yalipoingia kwa wingi mwambao wa kusini: Corolla, Ipsum, Noah, Raum na IST, zilizokwishatumika Japani miaka mingi kabla ya kutufikia. Mengi yake ni ya otomatiki. Mama hupeleka watoto madrasa kwa gari hilo, na siku ya harusi au msiba hujaa jamaa na mizigo hadi Nangurukuru na mbele yake.

Mafundi wengi wa ukanda huu walijifunza kazi kwenye gia za mkono, na si lawama kulisema hilo. Lakini matokeo yake ni kwamba gari la otomatiki likianza kuchelewa kushika gia, hukumu hupita haraka: giaboksi imekufa, itafutwe nyingine Dar es Salaam. Fedha za ada ya shule au za kuezeka nyumba huondoka kwa neno hilo moja, na mara nyingi limetamkwa kabla mtu yeyote hajachomoa kijiti cha kupimia oili.

Ndugu msomaji, hapo pa kijiti ndipo pa kuanzia. Katika giaboksi ya otomatiki, oili hufanya kazi zaidi ya kulainisha vyuma. Ndiyo inayopitisha nguvu ya injini ndani ya konveta, ndiyo inayosukuma sahani za klachi zibanane, na ndiyo inayobeba joto kulitoa nje. Ikipungua, gari huonyesha dalili zote za giaboksi iliyokufa: huchelewa kuondoka, huvuma bila kwenda, hushtuka linapobadili gia.

Upimaji wake si kama wa oili ya injini. Kwa Toyota nyingi, liendeshe gari dakika 15 lipate moto, lisimamishe mahali pa usawa, vuta breki ya mkono na uache injini ikiunguruma. Mguu ukiwa kwenye breki, pitisha wenzo wa gia katika nafasi zote kisha urudishe kwenye P. Chomoa kijiti, kifute, kirudishe, kichomoe tena na usome alama ya HOT. Anayepima injini ikiwa imezimwa huona oili imezidi kuliko ilivyo. Honda ina utaratibu wake: baada ya kupata moto, injini huzimwa kwanza ndipo ipimwe. Na kuzidisha oili ni madhara pia, kwani hutoa povu, na povu haliwezi kusukuma kitu.

Kisha dondosha tone kwenye kitambaa cheupe. Nyekundu ing'aayo ni nzima. Ya hudhurungi imezeeka. Nyeusi yenye harufu ya kuungua yamaanisha sahani zimeanza kuteketea, na hapo kubadili oili pekee hakutazirudisha. Ile ya waridi iliyochafuka kama maziwa ndiyo ambayo sisi watu wa pwani tunapaswa kuihofu zaidi, kwa sababu hiyo imeingiwa na maji.

Maji hayo hupitia wapi? Katika magari mengi, oili ya giaboksi hupozwa ndani ya kipozeo kidogo kilichomo kwenye tangi la rejeta. Visima vyetu vingi vya mwambao vina maji ya chumvi, na maji hayohayo ndiyo yanayomiminwa kwenye rejeta kila inapopungua. Chumvi hula chuma polepole, kipozeo hutoboka, na maji yakachanganyika na oili. Gundi inayoshika ngozi ya sahani za klachi haistahimili maji. Mwenye kuona rangi ile asiendeshe hata kilomita moja: rejeta ibadilishwe na giaboksi isafishwe kabla ya jingine lolote. Njia ya pili ni mafuriko. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopiga pwani na barabara ikakatika Somanga, kila aliyepitisha gari katika maji ya kina alikuwa na sababu ya kupima, kwani giaboksi ina tundu la kupumulia.

Wapo wanaoonya kwamba oili mpya huua giaboksi ya zamani. Kwa rai yangu, iliyokufa baada ya kubadilishiwa oili ilikuwa imekwisha tangu awali. Linaloua kweli ni kutia oili isiyo yake: Toyota za miaka ile nyingi hutaka aina ya T-IV, na zile zinazotumia mkanda wa chuma badala ya gia zina oili yao mahususi. Ajue pia mwenye gari kwamba bolti ya chini hutoa sehemu tu ya oili. Iliyobaki imo ndani ya konveta. Hubadilishwa mara mbili au tatu, gari likiendeshwa kidogo katikati.

Oili ikiwa salama, tazama dashibodi. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya tisini, taa ya O/D OFF ikipepesa yenyewe, kompyuta imeandika kosa. Fundi huunganisha matundu TE1 na E1 kwenye kisanduku cha uchunguzi na kuhesabu mapepeso. Namba 62 na 63 ni za solenoidi za kubadili gia. 42 na 61 ni za sensa za mwendo. Vipuri hivyo hubadilishwa bila kununua giaboksi nzima.

Wala si kila mshtuko ni wa gia. Raba zinazoishikilia injini zikichakaa, gari hupiga kishindo ukiweka D ilhali giaboksi ni nzima. Plagi ikikosa moto, gari hutetemeka kilimani na mtu akadhani gia inateleza. Mtelezo wa kweli hutambulika hivi: mshale wa mizunguko ya injini hupanda, mwendo haupandi.

Kipimo kingine kinahitaji saa tu. Breki zote mbili zikiwa zimeshikwa na injini ina moto, hamisha wenzo kutoka N hadi D uhesabu mpaka gari lishtuke kidogo. Toyota hutaka isizidi sekunde 1.2, na kwa R sekunde 1.5. Zote mbili zikichelewa, msukumo wa oili ni hafifu. Huenda chujio limeziba. Sampo ikifunguliwa, tope laini la kijivu kwenye sumaku ni uchakavu wa kawaida. Vipande vya chuma vinavyomeremeta ndivyo vinavyothibitisha hukumu ya kwanza.

Hapo gari litahitaji kupelekwa mjini, na kutoka Nangurukuru hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 300. Lisifungwe kamba likaburutwa. Pampu ya oili huzungushwa na injini. Injini ikizimwa, magurudumu huzungusha gia kavu. Linyanyuliwe kwa upande wa magurudumu yanayoendesha, ambayo kwa Noah za zamani ni ya nyuma, au lipakiwe kwenye lori.

Atakayeamua kuliuza badala ya kulitengeneza, fiqhi ya biashara imeshaliweka wazi: aibu anayoijua muuzaji humlazimu kuibainisha, na mnunuzi aliyefichwa ana khiyari ya kurudisha. Mnunuzi naye aombe kuliona gari alfajiri kabla injini haijawashwa, maana raba za ndani zilizokakamaa huchelewesha gia gari likiwa baridi. Kisha aliendeshe nusu saa nzima na kulijaribu tena, kwa kuwa mtelezo mwingine hujificha mpaka oili ipate moto na kuwa nyepesi.