Jumba la Vioo la Hardwick

Katika jimbo la Derbyshire, Uingereza, juu ya kilima, lasimama jumba la mawe liitwalo Hardwick Hall. Lina minara sita, na juu ya minara hiyo zimechongwa kwa mawe herufi kubwa E.S. Hizo ni herufi za jina la Elizabeth Shrewsbury, bibi aliyelijenga, ambaye watu humwita Bess wa Hardwick.

Bess alizaliwa hapo hapo Hardwick, katika nyumba ya watu wa kadiri, na baba yake alifariki Bess angali mtoto mchanga. Aliolewa mara nne, na waume wote walitangulia kufa. Wa nne, Earl wa Shrewsbury, alifariki mwaka 1590, na mwaka huo huo misingi ya jumba ilianza kuchimbwa. Bess alihamia humo mwaka 1597, naye ni mzee wa miaka 70 hivi.

Yasadikiwa kwamba ramani ya jumba ilichorwa na mwashi mashuhuri, Robert Smythson. Dohani nyingi alizificha ndani ya kuta za kati, ili kuta za nje ziachiwe madirisha. Siku zile kioo kilikuwa kitu cha thamani kubwa, na mwenye madirisha mengi alijulikana kuwa tajiri. Hata hivyo, baadhi ya madirisha hayo ni ya urembo tu, kwani nyuma yake mna ukuta.

Jumba lina orofa tatu, na kila mtu apandavyo ndivyo madirisha yazidivyo urefu. Orofa ya chini ilikuwa ya kazi za watumishi, ya kati ya Bess na jamaa zake, na ya juu ya kupokelea wageni wa heshima. Huko juu mna ukumbi mwembamba wenye urefu wa futi zipatazo 160. Lakini vioo vingi huleta baridi nyingi. Orodha ya vyombo ya mwaka 1601 yaonyesha jinsi chumba cha kulala cha Bess kilivyosheheni mapazia na mablanketi.

Bibi huyu hakutapanya fedha. Mawe yalichimbwa katika ardhi yake, na mbao zilikatwa katika misitu yake. Mwaka 1592 alinunua vitambaa vikubwa vya picha vya kutundika ukutani, vilivyokuwa mali ya Sir Christopher Hatton. Kwa kuwa vilikuwa na nembo ya Hatton, ambayo ingebidi kufunikwa kwa nembo yake mwenyewe, Bess alidai apunguziwe bei, akapunguziwa paundi 5. Hesabu za ujenzi alizikagua na kuzitia sahihi kwa mkono wake. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

Bess alifariki mwaka 1608, na jumba likarithiwa na wazao wake, ambao baadaye walikuwa Madyuki wa Devonshire. Dyuki wa kumi alipofariki mwaka 1950, kodi ya urithi ilikuwa kubwa mno. Mwaka 1956 jumba lilitolewa kwa Serikali kuwa sehemu ya malipo ya kodi hiyo, na mwaka 1959 likakabidhiwa shirika la National Trust, lenye kuhifadhi majumba ya kale. Wazao wa Bess hawalimiliki tena. Lakini herufi zake zingali juu ya minara, na daftari zenye sahihi yake zimehifadhiwa hata leo.