Kabla ya Kukata Springi, Pima Nafasi ya Gurudumu

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Kijana anayejijengea gari uani, chasisi ya gari hili na injini ya lile, anastahili pongezi. Shida huanza anapotaka gari lilale chini, akachukua grainda na kukata springi bila kupima lolote. Gari linapendeza likiegeshwa, lakini siku likibeba watu wanne na kukutana na matuta ya barabarani, hapo ndipo hatari hujitokeza.

Ndugu msomaji, kila gurudumu lina nafasi yake ya kupanda na kushuka. Tuseme nafasi yote ni milimita 150. Gari likisimama kwa uzito wake, pengine 90 zimebaki za kupanda na 60 za kushuka. Ukilishusha milimita 60 kwa kukata springi, zinabaki 30 tu za kupanda. Kwenye tuta zinakwisha mara moja na gurudumu linagota. Kishindo kinaingia kwenye chasisi, kisha tairi linaweza kuruka kutoka barabarani. Tairi lisilogusa barabara halifungi breki wala halitii usukani. Isitoshe, gurudumu likishuka kabisa, springi iliyofupishwa hulegea na yaweza kutoka kwenye kikalio chake.

Basi pima hivi. Weka gari juu ya stendi imara mahali palipo sawa. Usiingie chini yake kwa kutegemea jeki pekee. Toa springi kwa kifaa maalumu cha kuibana, kwa maana springi iliyobanwa ikifyatuka yaweza kuua. Rudisha shoki bila springi. Nyanyua gurudumu kwa jeki ya pili mpaka ligote mpira wa kizuizi, kisha pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake. Lishushe mpaka mwisho, upime tena. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo nafasi yako yote.

Likiwa juu kabisa, na tena likiwa chini kabisa, zungusha usukani kulia na kushoto hadi mwisho. Je, tairi linakwaruza bodi? Paipu ya breki inavutika? Hakikisha pia mpira wa kizuizi unagota kabla shoki haijafika mwisho wake ndani, la sivyo shoki ndiyo itakayopigwa na kuharibika.

Sasa rudisha springi na ushushe gari. Jaza tangi, pakia watu kama utakavyowabeba, kisha upime tena. Kwa gari la barabarani, mwanzo mzuri ni kuacha sehemu tatu kati ya tano za nafasi kwa kupanda na mbili kwa kushuka. Katika milimita 150, hizo ni 90 na 60.

Kipimo kikikataa, tafuta springi inayolingana na uzito wa gari pamoja na shoki ya urefu wake. Usiipashe springi moto ili ilale. Moto huondoa ugumu wa chuma, nayo hulegea au kukatika. Kweli, springi iliyokatwa huwa ngumu zaidi, lakini ugumu huo mara nyingi hautoshi kufidia nafasi iliyopotea.

Mwisho, funga uzi wa plastiki kwenye fimbo ya shoki, uubane kiasi, kisha upite polepole juu ya matuta unayoyajua. Uzi utasukumwa na kubaki pale shoki ilipofikia. Ukikuta umefika kwenye mpira kila safari, gari liko chini mno au springi ni laini.

Na ukimpelekea fundi kazi hii, muulize mapema: baada ya kumaliza, gurudumu litabakiwa na milimita ngapi za kupanda gari likiwa limejaa? Akikosa jibu, usimruhusu awashe grainda.